Mkono wa Daktari Sadala

Ndege ya Daktari Sadala ilipopotea, watu wa Kwamsisi walipiga makofi. Siwalaumu. Walikuwa hawajawahi kuona ndege ya rimoti, na hakuna aliyewaambia kwamba inatakiwa kurudi. Ilipita juu ya uwanja wa mpira ikivuma, ikashika njia ya mashamba, ikafika pale ilipotakiwa kugeuka, na haikugeuka. Ikakivuka kilima. Mvumo ukafifia mpaka tukabaki na sauti za mbuzi. Vigelegele vikapigwa, na mwenyekiti wa kijiji akasogea, akauliza kwa heshima zote, "Daktari, inarudi saa ngapi?"

Sadala alikuwa bado ameishika rimoti, dole gumba linasukuma kijiti kushoto, kushoto, kushoto, na huko angani hakuna wa kumsikiliza. Mwishowe nikamnyang'anya ile rimoti, maana nilishindwa kuendelea kumtazama. Akabaki na mikono mitupu. Akaigeuza akatazama viganja, akaigeuza tena akatazama migongo yake.

"Ukasha," akaniambia, "ni mkono."

Kwa mtu mwingine neno hilo lingekuwa dogo. Mtu anakosea, anasema mkono umeteleza, mnacheka, mnakwenda kunywa chai. Lakini Sadala ni tabibu mstaafu mwenye zahanati ya vyumba viwili hapa Korogwe, na kazi iliyompa jina ni kutahiri. Kila kipupwe, shule zikifungwa mwezi wa sita, huzunguka vijijini na sanduku lake la vyombo, kuanzia Mashewa mpaka kule Handeni. Kuna wanaume wazima, wenye ndevu na vitambi, ambao wakimwona sokoni humpa shikamoo kwa mbali kisha huvuka barabara. Kazi hiyo haitaki mtu wa kubahatisha. Fundi cherehani akikosea pindo, pindo hufumuliwa likashonwa upya.

Halafu kuna habari ya baba yake. Mzee alikuwa fundi saa. Alipofika umri huu alionao Sadala sasa, mikono ilianza kumtetemeka, na haukupita muda akawa ananyweshwa uji. Sadala hulisema jambo hilo kwa nadra, na kila akilisema hutazama pembeni. Kwa hiyo aliposema ni mkono, nilimwelewa. Alikuwa anasema kwamba zamu yake imefika.

Ndege yenyewe aliiita Kipanga. Aliiunda mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwenye meza ya chakula, huku mkewe Hafsa akila sebuleni na sahani magotini kwa muda unaozidi ndoa za watu wengine. Ilikuwa na urefu wa mlango, tumbo la kijivu, mgongo wa kahawia, na feni kifuani iliyopiga kelele za jeti ya kweli. Ilikimbia kuliko basi lolote linaloteremka Segera, na madereva wa mabasi ya njia ile mnawajua.

Tuko watano katika chama chetu cha warusha ndege. Kila Jumapili tunakutana kwenye kiwanja cha zamani cha shamba la mkonge, tunafukuza mbuzi, tunarusha. Ebrahim, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ana helikopta ambayo hajawahi kuipandisha kupita kimo cha ng'ombe. Enock ni fundi wa kuchomelea mageti na ni sauti ya besi katika kwaya ya kanisani kwao. Ndege yake imeanguka mara nyingi mpaka sasa ni gundi yenye mabawa. Mwanaidi hushona sare za shule, na ndege yake haina mota, inaelea na upepo, ameivisha kitambaa mwenyewe. Mimi nasuka upya nyaya za mota zilizoungua, na katika chama ni katibu, maana yake mimi ndiye ninayekasirika kwa niaba ya wote. Kila mtu anaipenda ndege yake. Lakini Kipanga ilikuwa ya chama kizima. Sadala akiirusha, sisi wanne tulikuwa tunasahau za kwetu chini juani.

Safari ya Kwamsisi lilikuwa wazo lake. Wazee wa kule walikuwa wamemwita aje mwezi wa sita kuwatahiri watoto wao, naye akaona atangulie, watoto wamzoee. Mtoto akishamwona mtu anaendesha jeti kwa vidole gumba viwili, alisema, siku ya siku hatamkimbia, na mzazi naye atatulia. Lilikuwa wazo zuri. Ubaya wake ni kwamba lilikusanya mahali pamoja kila mama, kila baba na kila mtoto ambaye hakutakiwa kuona kilichotokea.

Bibi mmoja aliyekuwa mstari wa mbele akauliza, bila ubaya wowote, "Daktari, mkono umeteleza?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Sadala akaniwahi.

"Umeteleza, mama."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akamvuta mwanawe, akamfunika na kanga, ingawa hakukuwa na baridi.

Habari ikatutangulia kwa bodaboda. Tulisimama Segera kununua machungwa, na muuzaji, mtu ambaye hatujawahi kumwona, akamkabidhi Sadala mfuko akasema, "Pole, Daktari. Umri nao." Sadala akamshukuru. Mimi nilimrudishia machungwa yake. Tukafika Korogwe bila machungwa.

Kesho yake matanga yakaanza. Silitumii neno hilo kwa mzaha. Hafsa alitandika mikeka uani kwa sababu watu walikuwa wanakuja na hawawezi kukaa kwenye vumbi. Walileta unga, sukari, majani ya chai. Walikaa, wakanyamaza kiasi kinachotakiwa, wakasema yote ni mipango ya Mungu. Mzee mmoja wa msikitini kwetu akauliza marehemu anazikwa wapi. Akaelezwa. Akafikiri kidogo, akasema vilevile ni msiba, akaendelea kukaa.

Katika kundi letu la simu wamo warusha ndege wa Dar, Arusha na Mwanza, na huko rambirambi ziliingia mchana kutwa. Mtu wa Arusha, ambaye hatumjui kwa sura, alisimulia jeti zake zote zilizopotea, moja baada ya nyingine, na mahali alipoiona kila moja kwa mara ya mwisho. Wa Dar akaahidi mota. Mwingine akatoa mabawa, mwingine magurudumu. Yalinigusa. Kuna watu wana ndugu wa damu wasiowafanyia hivyo.

Sadala alizisoma zote, akailaza simu kifudifudi.

"Wanipe mota," akasema, "niishike na nini?"

Wiki ile ile akatuma salamu Kwamsisi kwamba watafute mtu mwingine. Walikuwa wameshaanza kumtafuta. Mama mmoja wa hapa mjini alimleta mwanawe zahanati, akamwangalia Sadala akinyanyua kikombe cha chai, akakumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Na ni kweli, kikombe kilikuwa kinagonga kisahani. Alikuwa anautazama mkono ule tangu anaamka mpaka analala, na mkono ukitazamwa hivyo, hata wangu ungetetemeka. Nilimwambia. Akanijibu kwamba baba yake naye aliambiwa maneno hayo hayo.

Akaamua kulikabidhi sanduku la vyombo kwa tabibu kijana wa Handeni anayeitwa Frank. Frank angekuja kulichukua Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa. Baada ya hapo, Sadala alisema, atafuga kuku. Alisema hivyo kwa sauti iliyonifanya niwaonee huruma kuku wenyewe.

Sisi wanne tukakubaliana kwamba Kipanga lazima ipatikane kabla ya Jumamosi hiyo. Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Ndege haikatai kugeuka bila sababu, na sababu hukaa ndani ya ndege. Nikiifungua, nitajua kama ni mkono au si mkono. Wenzangu sikuwauliza hesabu zao. Ebrahim alifunga duka siku ya kazi, jambo ambalo Korogwe ililiona mara ya mwisho alipofiwa na baba yake, na watu wakaja kumpa pole na yeye. Enock aliacha mageti ya watu yameegemea ukuta. Mwanaidi aliacha mashati ya shule nzima hayana mikono. Tukapanda kirikuu cha Ebrahim, kigari chake cha mizigo, mimi na Enock nyuma kwenye bodi, tukarudi Kwamsisi, tukatembea vichaka vya kule mpaka upupu ukatujua kwa majina. Imamu wao akatangaza baada ya swala ya Ijumaa, kanisani wakatangaza Jumapili, na Wamasai wenye ng'ombe wakaahidi kuangaza macho.

Siku moja mzee fulani akatushauri twende kwa mtu wa ramli, tena yupo jirani, atuangalizie ilikoangukia. Hapo nilipandwa na hasira. Nikamwambia chama hiki kinaendeshwa kwa betri, hakiendeshwi kwa ramli, wala hirizi, wala mavumba ya waganga, na mwanachama atakayeleta upuuzi huo nitamfukuza mimi mwenyewe. Wenzangu watatu walinyamaza. Ebrahim akawa anachunguza tairi. Nilidhani wameniunga mkono.

Ndege ilipatikana Jumamosi yenyewe. Mwenyekiti alinipigia simu asubuhi na mapema: ipo kwa Bibi Ikram, nyuma ya kilima, na tuje na adabu kwa sababu bibi huyo ana kauli yake.

Bibi Ikram alikuwa na shamba la mahindi yanayoanza kukomaa. Katikati ya shamba alikuwa amesimika mti, na juu ya mti, imefungwa kwa kamba za mkonge, pua inaelekea msituni, alikuwa ameiweka Kipanga. Bawa moja lilikuwa limekatika na mkia haukuwepo. Lakini ilikuwa Kipanga. Mwanaidi alilia waziwazi. Mimi nilikohoa.

"Shikamoo, bibi," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Mmefuata ndege."

"Ndiyo, bibi," Enock akajibu. "Ni ya mwenzetu. Amehangaika sana."

"Habari zake nimezisikia. Mpeni pole." Akatutazama mmoja mmoja. "Ila haishuki."

"Haishuki?"

"Tangu niipandishe, ngedere hawajanikaribia. Msimu uliopita walinimalizia shamba lote hili, wakaniachia mabua. Nikafuga mbwa, wakazoeana naye. Nikatundika makopo, wakayachezea. Hii wanaiogopa. Nikishavuna njooni mchukue, sina haja nayo."

Ebrahim akamwahidi mabati mazuri ya kutishia ngedere, mapya, kutoka dukani. Bibi Ikram akasema mabati atayapokea kwa mikono miwili, na ndege haishuki. Kama tunataka kuitazama, tuitazame huko huko iliko. Akatuletea kinu.

Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, Enock kanishika miguu, nikakifungua kifuniko cha tumboni kwa bisibisi.

Ndani ya tumbo la Kipanga panatakiwa kuwa na betri na risiva. Risiva ni kijisanduku kinachopokea amri kutoka kwenye rimoti kwa nyaya mbili nyembamba za antena. Nyaya hizo lazima zikae huru, zimenyooka, mbali na bati au chuma chochote. Hilo ni somo la kwanza katika chama chetu, kabla hata ya somo la kufukuza mbuzi.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni hirizi. Kitambaa cheusi, kimeshonwa kwa mishono midogo iliyolingana, na ndani yake kitu kigumu cha bati. Kando yake palikuwa na kikopo cha shaba, ukubwa wa kidole, kimezungushiwa uzi. Cha namna hiyo nimekiona mara nyingi, kinaning'inia juu ya mlango wa duka la vifaa vya ujenzi. Halafu chupa ndogo ya mafuta yaliyoombewa, imefungwa kwa waya wa kuchomelea. Halafu kifundo cha kanga chenye punje za habasoda. Vyote vimebanana kuizunguka risiva. Na nyaya za antena zilikuwa zimekunjwa, kwa uangalifu mkubwa, zikapitishwa katikati ya bati na shaba.

Nilivitia vyote kwenye kofia yangu, nikashuka.

"Nani?" nikauliza.

Wakaangalia mahindi. Kabla ya safari, Kipanga ilikuwa imelala dukani kwa Ebrahim, betri imeshatiwa tumboni, ikisubiri kirikuu, na kila mmoja wao alikuwa amepita kuitazama. Nilikumbuka hilo wakati ule ule, na nilikumbuka pia kwamba niliwasifu kwa kuitazama.

"Hirizi ni yangu," Mwanaidi akasema. "Watu walikuwa wanaiangalia mno ile ndege, Ukasha. Macho ya watu si mazuri. Na Daktari kanitahiria wanangu wote. Nikasema niizindike. Nimetia bati ili isilowe mvua."

"Na mafuta ni yangu," Enock akasema. "Lakini hirizi niliikuta."

"Uliikuta na hukusema?"

"Ningesemaje? Mambo ya dini ya mtu hayo."

Tukamtazama Ebrahim. Ebrahim alikuwa amevua miwani, anaifuta, na haikuwa na uchafu.

"Mimi nilikuja mwisho," akasema. "Palikuwa pamejaa. Nikaona si adabu kusogeza hirizi ya Mwanaidi, wala si adabu kusogeza chupa ya Enock. Kwa hiyo nikasogeza waya."

"Ukasogeza waya."

"Taratibu sana, Ukasha."

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Aliyesema hakuwa na chama. Nikawaeleza, kwa sauti ambayo nadhani ngedere walisikia, kwamba karibu na uwanja amri zilipita, lakini ndege ilipofika mbali, bati na shaba vikaziba njia. Amri ya kugeuka haikufika, na ndege kama ile ikikosa amri mpya hushikilia ya mwisho. Ya mwisho ilikuwa nenda. Ikaenda. Nilisema na mengine ambayo siyarudii hapa, mpaka Bibi Ikram akanikumbusha kwamba nipo shambani kwa mtu.

Niliponyamaza ndipo jambo lenyewe likaniingia. Mkono wa Sadala haukuwa na kosa. Kushoto, kushoto, kushoto: aliitoa amri kama inavyotakiwa, na wakati unaotakiwa. Nilikuwa nimeogopa kuliko nilivyojua, kwa sababu kabla ya kukifungua kile kifuniko na mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni mkono.

"Na hiki kifundo cha habasoda?" nikauliza.

Wote watatu wakakikana, tena kwa kiapo. Wakanitazama mimi. Nikakasirika upya.

"Tumwambie risiva ilikufa yenyewe," Enock akasema.

"Risiva aliiunga nani?"

"Daktari."

"Aliiunga kwa mguu?"

Ebrahim akasema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye na Sadala ni marafiki tangu wakiwa vijana wembamba, na hajui atamwambia nini. Nikasema basi nitamwambia mimi. Mwanaidi akajifunga kanga vizuri, akasema hapana, kila mtu atalisema la kwake. Frank alikuwa anakuja alasiri ile ile. Tukamuaga bibi, tukapanda kirikuu, na Ebrahim, ambaye siku zote huendesha kama amebeba mayai, siku hiyo alipita Segera bila kutazama machungwa.

Tulimkuta Frank sebuleni na kikombe cha chai. Sanduku la vyombo lilikuwa mezani, limefunguliwa, na Sadala alikuwa anamweleza mkasi upi una tabia gani. Hafsa alikuwa amekaa pembeni, kimya, anawatazama kama mtu anayeuza shamba la urithi. Tukasalimia. Nikaimwaga kofia yangu mezani.

"Vimetoka tumboni mwa Kipanga," nikasema. "Vilikuwa vimeibana antena. Amri yako haikufika."

Nilikuwa nimejiandaa kueleza zaidi, lakini Mwanaidi akapiga hatua mbele akasema, "Hirizi ni yangu, Daktari," na sauti ikamkatika. Enock akasema mafuta ni yake. Ebrahim akasema, "Shaba ni yangu, na waya nimeukunja mimi. Mimi, Sadala. Kwa mkono wangu huu." Halafu wakasimama pale wakisubiri.

Sadala aliichukua hirizi, akaigeuza, akanyoosha mkono kwenye sanduku akatoa kiwembe chembamba, akaanza kuikata mishono ya Mwanaidi, mmoja baada ya mwingine, bila kukigusa kitambaa. Sote tuliutazama mkono wake isipokuwa yeye. Yeye alikuwa anatafuta bati. Akalitoa, akaliweka ubavuni mwa kikopo cha shaba, akapima mwanya kwa ukucha.

"Hapa hakipiti kitu," akasema. "Hata ningekuwa na mikono minne."

Frank akakishusha kikombe chake. "Daktari," akasema, "mimi nadhani niwahi basi." Akampa Hafsa ahsante ya chai, akaondoka bila sanduku. Namheshimu kijana yule mpaka leo.

Hapo ndipo Sadala akautazama mkono wake. Ulikuwa juu ya meza, umeshika kiwembe, umetulia tuli. Machozi yakamtoka bila sauti, na hakuyafuta, kwa sababu angelazimika kuushusha.

Nilisubiri awatukane. Nilikuwa tayari kumsaidia.

"Mliiogopea ndege yangu," akasema.

"Tulikuogopea wewe, Daktari," Mwanaidi akajibu.

Sadala akatikisa kichwa polepole. Akakishika kifundo cha habasoda, akatutazama. "Na hiki?"

Hafsa akanyanyuka, akakichukua, akakibana kiganjani. "Hicho changu," akasema. "Kimo humo tangu siku ulipoliziba hilo tumbo."

Sadala akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Kwamsisi, kicheko kibovu chenye kamasi. Akakiomba kile kifundo, akavipanga vyote kwenye kitambaa cha meza, kimoja kando ya kingine. Akamtazama mkewe. Akamtazama Mwanaidi, kisha Enock, kisha Ebrahim, ambaye alikuwa analia kuliko yeye. Akafika kwangu.

"Na yako, Ukasha?"

"Yangu nini?"

"Ya kwako ni ipi hapa?"

"Mimi sikuweka kitu."

"Kabisa?"

"Daktari, vitu hivi ndivyo vilivyoiangusha ndege."

"Hilo nimelielewa. Nauliza habari yako." Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama anavyomuuliza mgonjwa panapomuuma. "Enock, mtu wa kanisani, kaniwekea mafuta. Wewe tunakaa pamoja miaka yote hii. Hukuniogopea hata kidogo?"

Nilikuwa na jibu. Lilihusu antena, na lilikuwa sahihi, na lilikuwa refu. Nikaangalia meza. Pale ambapo pangekuwa na kitu changu palikuwa na kitambaa tu, maua yake yamefifia kwa kufuliwa. Nikaona uchungu, uchungu wa kweli, wa mtu aliyefika msibani mikono mitupu na kila mtu kamwona.

"Nisamehe, Daktari," nikasema.

Ebrahim akajipangusa uso, akasogea karibu yake. "Msamehe," akasema, "hakujua." Enock akasema, "Moyo anao, ila hana namna ya kuutoa." Mwanaidi akaniwekea mkono begani, akamwambia Daktari kwamba siku nyingine nitajitahidi. Wote watatu, walioiangusha ndege, wakaniombea mmoja baada ya mwingine, mpaka Sadala akanisamehe.